"Kapumzike Kidogo, Nitakuita": Mambo Yanayowagharimu Waajiri Wadogo wa Arusha na Moshi

Masika yakishakolea na wageni wa mlimani na mbugani wakapungua, kuna kauli inayosikika sana kwenye nyumba za wageni za Moshi na kampuni ndogo za utalii za Arusha: "Dada, kapumzike kidogo nyumbani, biashara ikichangamka nitakuita." Anayeitamka mara nyingi hana nia mbaya. Hela imekauka, vyumba vimelala vitupu, na kumwita mtu kazini ili akae tu kunaonekana ni kumpotezea nauli.

Kisheria, kauli hiyo haina pa kuwekwa. Si likizo, maana haina malipo wala tarehe ya kurudi. Si notisi, maana haikuandikwa na haitaji sababu. Si kupunguza wafanyakazi, maana hakuna aliyekaa na mwenzake wakashauriana. Wiki tatu zikipita bila simu, yule dada anasikia kuna mwingine anapika mahali pake. Anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, anajaza fomu namba 1 na kuandika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali. Ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka dai hilo. Madai mengine, kama mshahara uliobaki, yana siku 60. Kuanzia hapo mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka yeye ndiye aonyeshe kwamba kulikuwa na sababu ya haki na kwamba utaratibu wa haki ulifuatwa.

Kwa muda niliokaa karibu na mafaili ya namna hii, nimeona kwamba wanaoshindwa mara chache huwa ni mabosi wakatili. Wengi wanalipa vizuri kuliko majirani zao, wanasomesha watoto wa wafanyakazi, wanachangia misiba. Wanashindwa kwa sababu siku jambo lilipotokea hakuna kilichoandikwa, na karatasi iliyotungwa miezi minne baadaye inajulikana kwa kuitazama tu.

Kwa tatizo la masika, sheria yenyewe imeacha mlango ambao wengi hawautumii. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu za ndani yake zikihesabiwa humo humo, na mwajiri ndiye anayepanga lini itolewe, mradi isipite miezi 6 baada ya mwaka wa likizo kuisha. Basi ipange Aprili na Mei. Kaeni Januari, bandika ratiba ukutani, kila mtu aweke saini mbele ya tarehe zake, na umlipe kabla hajaondoka. Huyo anakwenda nyumbani akijua siku ya kurudi, nawe huna deni la likizo linalokusubiri Agosti nyumba ikiwa imejaa. Ikiwa hata baada ya likizo biashara haijainuka, hapo ndipo mnazungumzia kupunguza siku za kazi kwa makubaliano ya maandishi, au kupunguza watu. Kupunguza watu kuna hatua zake: unatoa taarifa mapema, unaeleza sababu, mnashauriana njia za kuepuka, namna ya kuchagua nani aondoke, lini, na atalipwa nini. Kila kikao kiwe na muhtasari wenye saini. Ukimwita mtu Ijumaa jioni ukampa bahasha, hujashauriana naye.

Sasa turudi mwanzo kabisa, siku ya kumpokea mtu.

Mkataba si lazima uwe wa kurasa kumi. Maelezo ya maandishi ambayo sheria inataka yanaingia kwenye karatasi moja pande mbili: jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, pamoja na mafao mengine kama chakula au chumba. Watu hupuuza kipengele cha "mahali alipoajiriwa", nacho ndicho kinacholeta ugomvi mwisho. Umemtoa binti Kondoa ukamleta Njiro, Arusha, kwa nauli yako? Ajira ikiisha, sheria inakudai umrudishe Kondoa na mizigo yake, na umlipe posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri huo. Siku hizo zimewahi kugeuka miezi kwa waajiri walioona nauli ya basi ni jambo dogo. Kama ulimpata mtaa wa Sakina, hapo hapo Arusha, akiwa anaishi huko, andika Sakina, asome, aweke saini.

Ukifika mbele ya msuluhishi huna maandishi na mfanyakazi akasema mlikubaliana laki tano, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Maelezo hayo yatunze hata baada ya mtu kuondoka, miaka 5.

Kuna wanaodhani kumwita mtu "kibarua" au "deiwaka" kunawatoa kwenye sheria. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kipimo chake, na jina mlilopeana halimo. Inaangalia kama saa zake unazipanga wewe, kama anafanya kazi kwa jinsi unavyomwelekeza, kama ni sehemu ya shughuli yako, kama amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kama anakutegemea wewe kiuchumi, kama vifaa ni vyako, na kama anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Kimojawapo kikiwepo, anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano tu za kazi. Kijana anayefika kila siku gereji kwako Unga Limited kwa mwaka wa pili si kibarua, hata kama unamlipa jioni kwa jioni. Vivyo hivyo dada wa nyumbani ambaye mchana anauza dukani, na mtoto wa shangazi aliyekuja "kusaidia". Undugu unaufanya mkataba uhitajike zaidi, kwa sababu kwa ndugu watu huona aibu kuzungumzia hela mapema, halafu wanazizungumzia mbele ya ukoo mzima.

Kwa wagumu, yaani wabeba mizigo, na wapishi wa safari za Kilimanjaro, kila safari inaweza kuwa na mkataba wake wa kazi maalum: njia, siku, malipo kwa siku, tarehe ya kulipwa. Hiyo ni sawa. Ila hesabu siku zao kwa mwaka. Aliyefanya kazi kwako vipindi kadhaa ndani ya mwaka mmoja, vikijumlishwa vikazidi miezi 6, ana haki ya likizo yenye malipo.

Mahali wengi wanapovuja hela bila kujua ni kwenye saa za kazi. Kikomo cha kawaida ni saa 9 kwa siku, siku 6, saa 45 kwa wiki. Hapo hapo utaona kwamba saa 9 mara siku 6 ni 54, kwa hiyo huwezi kumweka mtu saa 9 siku zote sita bila kudaiwa saa za ziada. Pamoja na saa za ziada, hakuna kuzidi saa 12 kwa siku, na saa za ziada zenyewe hazizidi 50 katika kila wiki 4. Akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anapata dakika 60 za mapumziko. Kati ya zamu na zamu anapumzika saa 12, na kila wiki saa 24.

Tuchukue mpishi wa nyumba ya wageni pale Rau. Anaingia saa 12 asubuhi kuandaa chai ya wageni, anaondoka saa 2 usiku chakula kikishatoka. Toa saa moja ya kula, zinabaki 13. Kwa siku sita ni saa 78. Za ziada ni 33 kwa wiki, 132 kwa wiki nne. Hata ukizilipa zote umeshavunja sheria, na wengi hawazilipi. Dawa yake ni zamu mbili: wa kwanza saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, wa pili saa 6 mchana hadi saa 4 usiku, kila mmoja siku tano. Wanakutana saa za mchana, wakati maandalizi ya jioni yanahitaji mikono mingi. Usimgeuze wa jioni kuwa wa asubuhi kesho yake, maana kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 8 tu.

Malipo yake yanakokotolewa hivi. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45 upate wa saa. Shilingi 390,000 inakupa kama 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, yaani 3,000. Saa ya siku yake ya mapumziko au ya sikukuu ni mara mbili, 4,000. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zinaongezewa asilimia 5, hiyo ni 100 kwa saa. Na kama saa hiyo ya usiku ni ya ziada, asilimia 5 inachukuliwa kwenye ile 3,000. Wa zamu ya jioni hapo juu ana saa mbili za usiku kila siku, shilingi 200. Ni hela ndogo, lakini miaka minne bila kulipwa si ndogo, na dai lake ni rahisi mno kuthibitisha kwa sababu saa za kufunga jiko kila mtu anazijua.

Weka daftari la mahudhurio kaunta, safu nne: jina, kuingia, kutoka, saini. Saini iwe ya kila siku. Daftari ambalo mwezi mzima umeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja halimsaidii yeyote.

Makato ya kawaida nitayapitia haraka. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 na inatoka mfukoni mwako yote; ukiikata kwa mfanyakazi umemwibia. Kodi ya mshahara, PAYE, inakokotolewa baada ya kutoa mchango wake wa NSSF: 390,000 toa 39,000 inabaki 351,000, iliyozidi 270,000 ni 81,000, asilimia 8 yake ni 6,480. Anabeba nyumbani 344,520. PAYE inalipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. NSSF na WCF kabla mwezi huo unaofuata haujaisha. Ukifikisha wafanyakazi 10 tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inaingia, kwa hiyo kabla ya kumwajiri wa kumi fanya hesabu yake. Na kila amri mpya ya kima cha chini cha mshahara ikitoka, tafuta sekta yako kwenye jedwali. Viwango vya hoteli, biashara na viwanda havifanani.

WCF wengi huiona kama kodi nyingine. Si kodi. Siku mashine ya kukanda unga itakapomshika kijana mkono, au grainda ikamrukia fundi usoni, mfuko huo ndio unaosimama kati yake na umaskini, na kati yako na dai usiloliweza. Jisajili kabla, toa taarifa ya ajali mara moja, tunza karatasi ya hospitali.

Jambo jingine linalozua chuki kubwa kazini ni shoti ya kaunta. Droo imefungwa jioni, mauzo hayalingani na hela, bosi anasema, "Mtalipa wote." Mwisho wa mwezi kila mmoja anakuta pungufu ya elfu thelathini. Makato hayo hayana mguu wa kusimamia. Ili umkate mtu kwa hasara, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake yeye. Umpe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake. Umpe nafasi ya kupinga. Usidai zaidi ya hasara halisi. Na makato hayo yasivuke robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa mshahara wa 390,000, robo ni 97,500. Shoti ya 180,000 basi haiwezi kuisha kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya shoti. Kila anayeingia zamu ahesabu hela ya kuanzia mbele ya anayetoka, waandike, wasaini wote wawili. Droo moja, mtu mmoja, zamu moja. Kama watu watatu wanashika droo ileile na funguo zinaning'inia msumarini, hutaweza kusema ni nani, na sheria haikuruhusu kugawanya usichokijua. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wanaoumia kwenye "mtalipa wote" ni wale waaminifu, na ndio wanaoondoka kwanza.

Mtu akikosea kweli, fuata Kanuni za Utendaji Bora za 2007. Kosa dogo lina onyo, la mdomo kisha la maandishi. Kosa kubwa lina uchunguzi, kisha mashtaka, kisha kikao. Mashtaka yawe kwa lugha anayoielewa na yaseme jambo lenyewe. "Utovu wa nidhamu" peke yake haimwelezi mtu anajitetea juu ya nini. Andika hivi: "Unatuhumiwa kwamba Jumamosi tarehe 14, ukiwa zamu ya jioni, uliondoka kaunta saa 1:20 usiku bila kumkabidhi mtu funguo wala droo, na ulirejea saa 3 kasorobo. Kikao kitafanyika Jumatano saa 4 asubuhi. Unayo haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na kuleta mashahidi." Muda wa kujiandaa usipungue saa 48.

Nani aongoze kikao kwenye biashara ya watu sita? Mwenyekiti asiwe amehusika na jambo lenyewe. Kama wewe ndiye uliyemkuta na ndiye unayelalamika, mwachie kiti mbia wako, au mwombe mfanyabiashara mwenzako anayeheshimika aje aongoze. Wewe kaa upande wa mlalamikaji. Mwenyekiti asikilize pande zote, aamue kama kosa limethibitika, kisha ndipo amuulize mtuhumiwa kuhusu adhabu: amekaa kazini muda gani, ana onyo la nyuma, ana jambo la kujitetea? Hatua hii ya mwisho inarukwa sana. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu, na mfanyakazi aelezwe haki ya kukata rufaa na ya kwenda CMA.

Kuna wanaokimbilia polisi kwanza. Wizi ni jinai, kweli, na haki ya kuripoti unayo. Ila fahamu kwamba akishashtakiwa mahakamani, huruhusiwi kumwadhibu wala kumfukuza kwa kosa lilelile mpaka kesi iishe pamoja na rufaa, na kumsimamisha ni kwa mshahara kamili. Kama unalotaka ni kumwondoa kazini, kikao cha nidhamu chenye ushahidi mzuri ni cha haraka kuliko karandinga.

Desemba ina shida yake. Rombo, Marangu, Machame, kila mtu anataka kupanda nyumbani, na ndiyo siku wageni wamejaa. Asiyerudi baada ya Krismasi usimfute tu kwenye orodha. Utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ni kosa kubwa, lakini bado ana haki ya kuitwa. Mpigie, mtumie ujumbe na uuhifadhi, peleka barua kwenye anwani ya kwenye mkataba, na kwa ndugu aliyemdhamini. Kikao kikifanyika bila yeye, faili lionyeshe aliitwaje. Mara nyingine utagundua yuko hospitalini. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akileta cheti cha daktari.

Wenye chini ya miezi 6 kazini hawana kinga ile ya kuachishwa isivyo halali, na kipindi cha majaribio kinaweza kufika miezi 12. Wengine husikia hayo mawili wakadhani yanalingana, wakamfukuza mtu mwezi wake wa nane kazini bila kumwambia neno kwa sababu "bado yuko majaribio". Mtu wa majaribio anatakiwa kupimwa, kuelezwa anapopungukiwa na kupewa nafasi ya kurekebisha. Kaa naye mwisho wa mwezi wake wa pili na wa nne kazini, andika mistari mitano, asaini.

Na mtu anapoondoka, mlipe kwa karatasi inayosomeka. Tumchukue mpishi yuleyule, amepunguzwa baada ya miaka 3 na miezi 4, likizo za miaka mitatu alishachukua. Mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi huo. Notisi ya siku 28, au mshahara badala yake kama hutaki aitumikie, 390,000. Likizo ya ile miezi 4: siku moja kwa kila siku 13 za kazi, siku 104 (26 kila mwezi) zinatoa 8, kwa mshahara wa siku wa 15,000 (390,000 gawanya kwa 26) ni 120,000. Kiinua mgongo siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10: siku 21 kwa 15,000, yaani 315,000. Usafiri hadi alikoajiriwa. Na cheti cha utumishi, ambacho hata aliyefukuzwa kwa kosa anakistahili. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo, lakini likizo na siku alizofanya kazi ni zake.

Ukiitwa CMA, nenda mwenyewe, au mtume mtu mwenye barua ya kumruhusu kukubaliana na kiasi. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, nayo haihitaji maneno makali. Beba mkataba, daftari la mahudhurio, slipu za mishahara, ratiba ya likizo na muhtasari wa kikao. Piga hesabu nyumbani ya kile unachodaiwa kihalali hata kama mtu huyo amekuudhi, na kilipe hicho bila kusubiri kuamriwa. Sehemu kubwa ya mashauri ya biashara ndogo hubaki bila ubishi hapo. Mkikubaliana, fomu ya makubaliano iandike kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kila awamu, na namba ya simu au akaunti itakayopokea. Lipa kwa njia inayoacha risiti, na risiti hiyo iingie kwenye faili lake siku hiyohiyo.